Mwanapili Aliyewarudishia Wavuvi Chubwi Zao

Wasikilizaji wapendwa, kama una kazi mkononi, endelea nayo. Anayekuna nazi akune, anayeshona ashone. Mimi naomba masikio yenu tu, na nafasi kidogo moyoni. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja wa Chidzuni, kijiji kidogo kilichoko baina ya Gazi na Msambweni. Jina lake Mwanapili binti Suleiman. Mama karanga wa Chidzuni. Ametutoka wiki mbili zilizopita baada ya kuugua kwa muda mfupi, na amezikwa palepale kijijini, jirani na wazazi wake.

Nimesema mama karanga, na nyinyi ndugu zetu wa bara mnaotusikiliza kule Ukunda na mahotelini msije mkadhani aliuza njugu. Mama karanga ni mwanamke anayenunua samaki kwa wavuvi, akamkaanga, akamuuza. Mwanapili alianza kazi hiyo alipofiwa na mumewe. Karai lake lilikaa penye njia ya kushukia ufuoni, na mikono yake ilikuwa na alama za mafuta ya moto mpaka viwikoni. Ukipita bila ya kununua, hana neno. Ukipita bila ya kusalimia, hapo umejitakia mwenyewe. "Shikamoo zimepanda bei siku hizi?" Ndivyo alivyokuwa akiuliza, kwa sauti ya juu, mpaka njia nzima igeuke ikutazame.

Binti yake, Maimuna, amenieleza hivi: "Mama hakuwa mtu wa kununa. Akikasirika atasema, akisha kusema atakupa samaki ule. Lakini jambo likimwingia kichwani, huwezi kulitoa. Tulijaribu, tukachoka."

Na jambo lililomwingia kichwani, wasikilizaji wapendwa, lilikuwa mshipi. Mshipi wa kuvulia, ule uzi wa nailoni ambao mvuvi hufungia ndoana. Ukiingia fundo, hutupwa. Ukinasa mwambani, hukatwa. Na ukishatupwa hauozi. Jua haliuwezi, chumvi haiuwezi.

Palikuwa na yangeyange mmoja, wale ndege weupe wenye shingo ndefu, aliyezoea kuja karaini kwa Mwanapili kuomba matumbo ya samaki. Ndege mwenyewe hana adabu, anadokoa hata vya watu. Mwanapili alikuwa akimtukana na huku akimtupia. Siku moja yangeyange akaja akichechemea. Mshipi ulikuwa umemzunguka mguu, umekaza, mguu umekuwa mweusi. Mwanapili akavua leso yake ya mabegani, akamtupia, akamshika kwapani kama kuku wa kitoweo, akamkata ule uzi. Lakini mguu ulikwisha kufa zamani. Ndege hakufika siku ya pili.

Maimuna anakumbuka mama yake alivyokaa mbele ya karai, samaki anaungua. Kisha akasema, "Mimi namlisha kwa mkono huu, na watu wangu wanamtega kwa mkono ule." Jumamosi iliyofuata alikuwa ufuoni na gunia, anaokota mishipi.

Mwanzo alikuwa peke yake, na watu walimcheka. Kisha akaja Luqman, mwalimu wa madrasa. Kisha Hannah, mwanamke wa Kitui anayefua nguo katika hoteli moja ya Diani, ambaye siku yake ya mapumziko ilikuwa hiyo Jumamosi. Wakaongezeka na wengine. Wote walijitolea, hakuna aliyelipwa hata senti. Hannah anacheka akisimulia: "Mama alikuwa hataki stori. Ukifika umechelewa anakupa gunia kubwa." Baada ya miezi kadhaa, ufuo wa Chidzuni ulikuwa safi. Ungeweza kutembea pekupeku kutoka mwambani hadi mtoni bila ya kuchomwa na ndoana. Watu wakasifu. Wageni wakapiga picha.

Na ndege wakaendelea kufa.

Hapo ndipo penye kisa, wasikilizaji wapendwa, nanyi nitegeeni sikio. Ufuo ulikuwa safi, na ndege wakaendelea kufa. Waliokuwa wakirudi ufuoni kila alfajiri walipungua. Mwanapili akawa hana raha. Akasema, "Tumefagia ukumbini, uchafu uko chumbani." Chumba cha ndege hao ni Kilalo, mikoko iliyosongamana mdomoni mwa mto, ambamo ndege wote wa upande ule hulala. Kwa kawaida hakuendeki. Kunaendeka siku za bamvua tu, maji yanapokupwa sana na kuacha tope tupu.

Bamvua lilipofika, Mwanapili na Hannah wakaingia Kilalo, tope magotini. Hannah anasema walipofika ndani alitaka kurudi mbio. Ndege walikuwa wakining'inia matawini. Yangeyange, sululu, membe, wengine mifupa na manyoya tu. "Nilidhani ni uchawi," anasema Hannah. "Nilidhani kuna mtu amewatundika. Nikaanza kuomba Mungu kwa Kikamba."

Haukuwa uchawi. Mwanapili alimshika ndege mmoja aliyekufa karibuni, akaufuata mshipi uliomtoka mdomoni. Mshipi ulikuwa umejizungusha tawini, mara nyingi, umekaza. Mwisho wake palikuwa na chubwi. Chubwi ni kile kipande cha risasi ambacho wavuvi hukifunga ili mshipi uzame. Na pale Chidzuni kila mvuvi hujitengenezea chubwi zake. Mmoja huigonga ikawa bapa. Mwingine huipinda. Hii ilikuwa na mistari mistari, kwa kuwa mwenyewe huyeyusha risasi na kuimimina ndani ya kombe dogo la baharini. Hakuna mtu kijijini afanyaye hivyo ila mmoja. Jaafar. Ndugu yake Mwanapili, tumbo moja, ziwa moja.

Sasa nisimwonee Jaafar, maana yu hai na ananisikiliza. Jaafar si mkatili. Wavuvi wa mshipi wana ada yao, na wameirithi. Ndege akirukia chambo akanaswa, mvuvi hamvuti. Ni haramu kumtesa kiumbe wa Mungu, na tena mdomo wake unachoma. Basi hutoa kisu, akaukata mshipi, akasema, "Nenda na riziki yako." Ni huruma. Baba zao walifanya hivyo, nao wakafanya hivyo. Wasilolijua ni kwamba ndege huenda na mshipi na chubwi mpaka anapolala. Magharibi hutua Kilalo. Chubwi hubembea, hulizunguka tawi, na alfajiri ndege akitaka kuruka hawezi. Hufa kwa njaa, mbele ya wenzake. Ile huruma ndiyo iliyokuwa ikiwanyonga.

Mwanapili aliifahamu hatari yote palepale topeni. Kama wavuvi hawataacha kukata, Kilalo kitabaki mifupa, na ndege watakaosalia watahama wasirudi. Na wavuvi hao ndio wanaomuuzia samaki. Akiwaudhi, karai lake linazimika. Alijua. Akazifungua zile chubwi moja moja kutoka matawini, akazifunga katika pembe ya leso.

Jioni yake akaenda mwambani, wavuvi wanakorushia mishipi. Akatoa salamu, wakaitika. Akamwendea ndugu yake, akamwekea chubwi kiganjani.

"Mali yako hii, Jaafar."

"Umeiokota wapi, dada?"

"Nimeikuta kwa yangeyange. Amekufa nayo."

Mvuvi mwingine, Chengo, mcheshi wa pale mwambani, akacheka. "Loo, ndege siku hizi wanatunza amana."

Jaafar hakucheka. "Mimi simuui ndege, dada. Akinasa namkatia aende zake. Ulitaka nimfanyeje, nimchinje?"

"Hakwenda zake. Alikwenda akatundikwa. Njoo Kilalo uone."

Jaafar akaitazama ile chubwi, akawatazama wenzake, akaitupa baharini. "Haya. Yamekwisha."

"Hayajaisha," akasema Mwanapili. "Chengo, na wewe njoo. Yako hii bapa." Chengo akaipokea, akaitia mfukoni.

Akawarudishia wote, kila mtu na yake. Alipoulizwa kwa nini anawatia watu aibu, alijibu kwamba dini imemfundisha kitu cha mtu kikiokotwa kirudishwe kwa mwenyewe. Utambishia nini mtu wa namna hiyo? Hawakumbishia. Walimnyima samaki.

Siku ya pili alishuka na beseni lake kama kawaida. Mmoja akamwambia samaki wana wenyewe. Mwingine akajidai hakumwona. Jaafar, ambaye tangu utotoni samaki wake wa kwanza ni wa dada yake, akawauzia wachuuzi wa Ukunda samaki wote na kumpa dada yake kisogo. Ikawa hivyo leo, kesho, na mtondo. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Watu wa Chidzuni walichukua majembe wakangoja, na hawa wawili hawakupatana.

Maimuna alimsihi. "Mama, waombe radhi yaishe, tule."

"Radhi ya nini? Nimeiba? Nimerudisha." Kisha, Maimuna anasema, mama yake alishusha sauti. "Kwa Jaafar nimekosea mahali. Ndugu yangu ningemwita faraghani. Lakini neno lenyewe sikukosea, na sitalirudisha."

Hakulirudisha. Karai la samaki likawa karai la viazi. Alikaanga viazi vya kuchovya unga wa ngano, na pilipili na ukwaju, akajitwika, akavipeleka wapi? Mwambani. Kwa walewale. Akakaa chini jiwe la pili kutoka kwa Jaafar, akasema, "Mmeninyima samaki, basi nunueni viazi. Njaa haina ugomvi." Na wavuvi, jamani, wana njaa. Wakanunua. Wanatafuna, naye anasema nao, kila siku neno moja: "Ndege akinasa, usikate. Niite mimi." Leso yake ya pili aliikunja mapajani, na koleo alikuwa nalo kikapuni.

Wa kwanza kumwita alikuwa Chengo, naye aliita kwa mzaha. Membe alikuwa amenasa ndoana yake. Mwanapili akaja akamfunika ndege leso machoni, ndege akatulia. Akaisukuma ndoana mbele mpaka ncha ikatokeza, akaikata ncha kwa koleo, akaichomoa. Akafungua leso. Membe akaruka, hana uzi, hana risasi. Chengo akamfuata kwa macho mpaka akapotea. Akasema, "Kumbe ni jambo dogo hivi." Kuanzia siku hiyo Chengo akaacha kukata, na wengine wakaanza kumwiga, kila mmoja akijifanya ni wazo lake.

Jaafar hakuacha. Alihama akaenda kuvulia ncha ya mwamba, mbali na dada yake. Msimu mzima hawakusemezana.

Mpaka siku ile korongo mkubwa wa kijivu alipokuja juu ya chambo chake. Ndoana ikamwingia bawani. Korongo ni ndege mkubwa, wasikilizaji wapendwa, akipiga bawa unausikia upepo. Jaafar akatoa kisu. Wenzake wote wakaacha mishipi yao wakamtazama. Chengo anasema Mwanapili hakuinuka. Alikaa na viazi vyake, mkono umeshika leso, macho kwa ndugu yake. Baadaye alimwambia Hannah kwamba hakuwahi kuomba dua fupi namna ile maishani mwake.

Kisu kilikaa juu ya mshipi. Kisha Jaafar akakirudisha alani, akaanza kuvuta taratibu.

"Dada," akasema. "Njoo unishikie."

Mwanapili alipita mawe yale kwa viatu vya plastiki, mbio, mwanamke mzima. Leso ikamfunika korongo kichwa, lakini ndege alikuwa amekwisha kumdonoa Jaafar shavuni. Damu ikamtoka. Wakafanya kazi pamoja, yeye ameshika, ndugu anasukuma ndoana. Korongo alipopaa, Jaafar akajifuta shavu akasema, "Ndege hana shukrani."

"Kakuachia kumbukumbu," Mwanapili akamjibu. "Sasa hutasahau."

Ndivyo walivyopatana. Samaki wakarudi karaini jioni ileile, na wavuvi wa mwamba wa Chidzuni wakawekeana sharti wenyewe: ndege akinasa, hakatwi. Leso kuukuu za Mwanapili zikawekwa mwambani chini ya jiwe, yeyote atumie. Nasi tuelewane, kazi haikwishia hapo. Mishipi ya miaka na miaka ilikuwa bado matawini Kilalo. Kila bamvua Mwanapili aliingia topeni na Hannah, Luqman, Chengo na wenzao, wakakata, wakakunjua, wakatoa magunia. Wakati wa mvua waliingia. Mwezi wa Ramadhani waliingia, na saumu zao. Ndege wakaanza kuongezeka tena. Nimekwenda mwenyewe kutazama wakati wa magharibi nikiwa ng'ambo ya mto, na mikoko ilikuwa imegeuka nyeupe kwa yangeyange.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuingia Kilalo. Jaafar. Kukata aliacha, ndege aliwanasua, lakini Kilalo hakwenda. Miaka mitatu Mwanapili alimwalika. Kila bamvua likikaribia alipita kwake asubuhi, wakasalimiana, akamuuliza, "Utakuja?" Naye Jaafar atasema goti linamuuma, au ana jarife, wavu wake mkubwa, la kushona, au, "Lijalo, dada, inshallah." Mwanapili hakumsuta. Alisema, "Inshallah," akaenda zake, na bamvua lililofuata akaja kuuliza tena.

Ugonjwa ulimjia ghafla. Kifua kilibana, akapelekwa hospitali, na siku ya Ijumaa Mola akaichukua amana yake. Jaafar ndiye aliyeingia kaburini kumpokea.

Siku ya tatu ya matanga maji yalikuwa ya bamvua. Hannah alikuwa amekaa na wanawake ndani, Luqman na Chengo kwenye mikeka nje, na kila mmoja alijua bahari imekupwa. Hakuna aliyethubutu kusema. Ni Jaafar aliyeinuka. Mzee mmoja akamwambia, "Kaa, mwanangu, matanga hayajaondolewa."

"Bamvua halingoji matanga, mzee wangu, niwie radhi," akasema. Akamgeukia Chengo. "Nionyeshe njia."

Wakaingia Kilalo, Jaafar mbele, goti lake linauma kweli. Walifanya kazi mpaka maji yakaanza kuwafika kiunoni yakawatoa. Chengo anasema Jaafar hakutaka kutoka. Alikuwa amepanda juu ya mizizi, anakunjua mshipi uliokuwa umeingia ndani ya gome, na ilibidi wamshike mkono.

Nilipokwenda kuhani, nilimkuta Jaafar barazani. Aliniambia maneno haya, nami nayasema kama alivyoyasema. "Nimezaliwa hapa. Nina wajukuu hapa. Kilalo sikuwahi kufika. Goti lilikuwa kisingizio. Nilikuwa naona haya, nilijua nitayakuta mambo yangu huko. Basi siku ile tulipotoka topeni, gunia begani, niligeuka nyuma nimwambie dada, haya, nimekuja. Nikageuka kabisa, mdomo nimeufungua. Ndipo nikakumbuka nimemlaza mchangani kwa mikono yangu hii."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Maimuna, kwa Jaafar, kwa Hannah na Luqman na Chengo, na kwa wote wa Chidzuni, sisi hapa studioni tunasema poleni. Poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Mwanapili binti Suleiman, mama karanga wa Chidzuni, alipanue kaburi lake na alitie nuru. Wenzake wamesema wataendelea, na Jaafar amesema hatakosa bamvua hata moja maadamu ana pumzi. Ninamwamini. Na mvuvi unayenisikiliza, uwe Tiwi, uwe Vanga, ndege akinasa ndoana yako usikate. Mfunike macho, mvute taratibu, mtoe ndoana aende mzima.

Na wewe usiyevua, nikuache na neno lako. Yupo mtu anayekuita katika kazi yake. Ni mama, ni dada, ni jirani. Anakuita kwa upole, hakusuti, na wewe una goti lako. Nenda naye leo, ukamwambie, "Nimekuja," angali na masikio ya kukusikia.